Ufa na Ukuta: Kuhusu Kuwahesabu Wasiozaliwa

Wahenga walipotunga methali ya ufa na ukuta hawakuwa wakibashiri. Hawakusema kwamba ukuta utaanguka, wala hawakutaja siku wala saa. Walisema tu kwamba usipoziba ufa utajenga ukuta, wakanyamaza. Uzito wote wa methali hiyo umo katika kiambishi kimoja kidogo, -sipo-. Kikiondolewa hicho, linalobaki ni tangazo la mkosi: utajenga ukuta, upende usipende. Kikiachwa mahali pake, maneno yale yale huwa ni nasaha, na aliyenasihiwa hubaki kuwa mtu huru mwenye chokaa mkononi. Mwenye nyumba akiziba ufa na ukuta wake ukasimama miaka mia, hapana atakayerudi kumshitaki mhenga kwamba alisema uongo.

Swali linalojadiliwa hapa linatokana na methali hiyo, ijapokuwa kwa sura ya nje ni swali la maofisi na majedwali. Serikali za leo hazipangi skuli, visima, hospitali wala mitaa pasipo kuuliza kwanza: watu watakuwa wangapi? Wataalamu wa takwimu hujibu kwa kile kiitwacho makadirio ya idadi ya watu. Jibu lao huwahusu watu ambao bado hawajazaliwa, na papo hapo hutumika kuwaamulia mambo walio hai. Je, ni haki gani inayompa binadamu uwezo wa kusema juu ya wasiokuwapo? Na akishasema, anadaiwa nini: anadaiwa kwamba maneno yake yatimie, au anadaiwa kitu chengine?

Kisiwani ni mahali pazuri pa kulipimia swali hili, kwa sababu kisiwani mpaka huonekana kwa macho. Bara, watu wakizidi, fikra hukimbilia pori lililo mbele. Kisiwani mbele ni bahari. Zanzibar ina eneo la kiasi cha kilomita za mraba 2,460. Sensa ya 1967 ilikuta humo watu laki tatu na nusu hivi. Sensa ya 1988 ikakuta kiasi cha laki sita na arobaini elfu. Mwaka 2002 walikaribia milioni moja. Mwaka 2012 walikuwa 1,303,569. Na sensa ya Agosti 2022 ikawahesabu 1,889,773. Maana yake ni kwamba pale aliposimama mtu mmoja mwaka 1967, mwaka 2022 walisimama zaidi ya watano, na kila kilomita ya mraba ilikuwa na watu 768 kwa wastani.

Hizo ni tarakimu za waliokwisha kuhesabiwa. Ugumu huanza pale hesabu inapoulizwa juu ya kesho. Kati ya 2002 na 2012 watu wa Zanzibar waliongezeka kwa kiasi cha asilimia 2.8 kila mwaka. Lau mtu angeichukua hesabu ya 2012 na kuikuza kwa kasi hiyo hiyo kwa miaka kumi, angepata watu kiasi cha 1,718,000. Sensa ya 2022 ikaonyesha watu 170,000 na ushei zaidi ya hapo, kwani kasi ilikuwa imepanda hadi asilimia 3.7. Watu 170,000 si kosa la kalamu. Mkoa mzima wa Kusini Unguja, toka Makunduchi hadi Chwaka, ulikuwa na watu 195,873 katika sensa hiyo. Kwa hivyo, mwenye kukadiria kwa njia hiyo nyepesi angesahau watu wanaokaribia kuwa mkoa mmoja, wenye watoto wa kusomeshwa na vichwa vya kuezekewa paa. Na pamoja na hayo yote asingekuwa amesema uongo hata mara moja. Aliloliseama ni kwamba kasi ikibaki ile ile, watu watafika hapo. Kasi haikubaki.

Kazi yenyewe ya kukadiria haina ramli ndani yake. Wataalamu huwagawa watu kwa jinsia na kwa makundi ya umri, aghalabu ya miaka mitano mitano. Kila kundi husogezwa mbele; hutolewa wanaotarajiwa kufa; wanawake wa umri wa kuzaa, toka miaka 15 hadi 49, hukadiriwa watoto watakaowazaa; kisha huongezwa wanaohamia na kutolewa wanaohama. Mwingereza Edwin Cannan alilitumia wazo hili kwa nchi yake mwaka 1895, na mpaka leo ndilo msingi wa kazi hiyo duniani. Mambo matatu tu ndiyo yanayoingia: kuzaliwa, kufa na kuhama. Lakini mambo hayo matatu ndiyo maisha yenyewe, na mawili kati yake, kuzaa na kuhama, yamo katika hiari ya watu. Hii ndiyo sababu ya mtaalamu mwaminifu kutotoa jibu moja, bali kutoa kadhaa, la chini, la kati na la juu, na chini ya kila jibu akaandika sharti lake. Hajui watu watachagua nini, naye anakiri kwamba hajui.

Wapo Pwani wanaoitazama kazi hii kwa wasiwasi. Husema kwamba ya ghaibu anayajua Mwenyezi Mungu peke yake, na kwamba kumhesabu mtoto aliye bado tumboni, seuze ambaye hata mimba yake haijatungwa, ni kuvuka mpaka wa adabu. Wasiwasi huo haufai kudharauliwa, kwani ndani yake mna hekima: unamkumbusha mwenye tarakimu kwamba yeye si mwenye kuumba. Hata hivyo, nahodha wa zamani aliyeshuka na kaskazi kutoka Arabuni na kurudi na kusi hakudai kuijua ghaibu. Aliujua mwendo wa pepo, akawahesabu mabaharia na abiria wake, akapakia maji ya kuwatosha siku nyingi kuliko alizozitarajia baharini. Angetweka tanga bila ya maji kwa kisingizio kwamba ya kesho hayajui, hapana ambaye angemwita mcha Mungu. Angeitwa mzembe wa roho za watu. Kutawakali huanza baada ya maji kupakiwa. Makadirio ya idadi ya watu, yakiandikwa kwa uaminifu, ni hesabu ya maji ya safari.

Mfano ulio wazi wa hesabu kama hiyo umo katika bahari hii hii ya Hindi, katika kisiwa cha Morisi, mashariki ya Bukini. Morisi ina eneo dogo kuliko la Zanzibar. Mwishoni mwa miaka ya arobaini ilianzishwa huko kampeni kubwa ya kuangamiza malaria. Vifo vikapungua kwa ghafla, na uzazi ukabaki juu, kiasi cha watoto sita kwa kila mwanamke. Watu waliokuwa kiasi cha nusu milioni katika sensa ya 1952 wakaanza kuongezeka mbio. Serikali ya kikoloni ikawaita wataalamu kutoka Uingereza: James Meade atazame uchumi, na Richard Titmuss pamoja na Brian Abel-Smith watazame huduma za jamii. Ripoti zao zilitoka mwanzoni mwa miaka ya sitini. Hesabu zilionyesha kwamba uzazi ukiendelea vile, kisiwa kile chenye zao moja, la miwa, kingekaribia watu milioni tatu kabla ya karne kwisha. Meade, ambaye mwaka 1977 alikuja kupewa Tuzo ya Nobel ya uchumi, aliona kwamba matumaini ya maendeleo ya amani huko ni haba.

Wanakisiwa hawakuafikiana kwa wepesi. Morisi ni nchi ya Wahindu, Wakristo na Waislamu, na suala la uzazi liligusa itikadi za wote. Chama cha uzazi wa mpango kilikuwa kimeanzishwa mwaka 1957. Mwaka 1963 ikaanzishwa jumuiya ya Wakatoliki ya kufundisha njia za asili, kwa sababu Kanisa lao halikuziridhia njia nyengine. Serikali haikuchagua mshindi. Ilizisaidia pande zote mbili, na kila nyumba ikafuata dhamiri yake. Wakati huo huo wasichana wengi zaidi waliingia skuli, umri wa kuolewa ukapanda, na kuanzia miaka ya sabini viwanda vya nguo vikawapa wanawake ujira wao wenyewe. Katika muda wa miaka kumi hivi wastani wa uzazi ulishuka toka watoto sita hadi karibu watatu na nusu, pasipo amri ya kumshurutisha mtu. Sensa ya 2000 ilikuta Morisi watu chini kidogo ya milioni moja na laki mbili.

Ziwekwe sasa tarakimu mbili hizo ubavu kwa ubavu: milioni tatu zilizokadiriwa, na milioni moja na laki mbili zilizokuja. Mwenye kusahihisha kwa kalamu nyekundu angewapa wataalamu wale sifuri. Lakini wasomaji wa Pwani wamelisikia fumbo hili tangu chuoni, katika kisa cha Nabii Yunus na watu wake. Mji ulionywa; watu wakaonyeka; adhabu iliyokuwa ikiwakabili ikaondolewa. Hapana mwenye akili anayesema kwamba onyo lile lilikuwa bure kwa kuwa mji ulisalimika. Kusalimika kwa mji ndiyo kazi ya onyo.

Kutokana na hayo hupatikana jibu la kwanza. Mwenye kukadiria hadaiwi kwamba maneno yake yatimie. Anadaiwa kwamba masharti aliyoyajengea maneno hayo yawe ya kweli, yawe wazi, na yawafikie wale wanaoweza kuyabadilisha. Katika lugha ya Kiswahili deni hilo lina jina jepesi: anadaiwa -ki- yake. Watu wakizaa kama wanavyozaa. Wakihama kama wanavyohama. Vifo vikipungua kama vinavyopungua. Anayesema kwa -ki- anazungumza na mtu, kwa kuwa sharti halina maana isipokuwa lina mtu wa kulitimiza au kulivunja. Anayesema kwa -ta- tupu hazungumzi na yeyote. Anatoa hukumu.

Na hukumu za namna hiyo zilitolewa, nyengine kwa kalamu na nyengine kwa nguvu za dola. Mwaka 1968 Paul Ehrlich, mtaalamu wa viumbe wa Marekani, alitoa kitabu kilichosomwa na mamilioni, akidai kwamba katika miaka ya sabini mamia ya mamilioni ya watu wangekufa kwa njaa hata kama hatua za haraka zingechukuliwa. Maneno hayo hayakuwa onyo, kwani onyo humwachia msikilizaji la kufanya. Mbegu mpya za ngano na mpunga zikaongeza mavuno, na njaa ya kiasi kile haikuja. Kosa la kwanza la kitabu hicho ni la hesabu, nalo husameheka. La pili ni kubwa zaidi: liliwazoesha wasomaji wa nchi tajiri kuwatazama watu wa nchi maskini kama maji ya mafuriko, wala si kama watu wanaoweza kuambiwa jambo wakafikiri.

Pale mazoea hayo yalipokutana na dola, waliolipa ni wanyonge. Katika kipindi cha hali ya hatari nchini India, kati ya 1975 na 1977, wanaume zaidi ya milioni 6 walifungwa uzazi katika mwaka mmoja, wengi wao mafukara, na wengi kwa kushurutishwa. Katika China, mwaka 1979 na 1980, kundi la wataalamu lililoongozwa na Song Jian, mhandisi wa makombora, lilikokotoa idadi ya Wachina kwa miaka mia moja mbele. Wanawake wakiendelea kuzaa watoto watatu watatu, walisema, China ingepindukia watu bilioni nne. Sharti lilikuwamo katika hesabu. Tena wakati hesabu hiyo inaandikwa, sharti lenyewe lilikuwa limekwisha kuvunjika: wastani wa uzazi ulikuwa umeshuka toka karibu watoto sita mwaka 1970 hadi chini ya watatu. Lakini kilichoingia akilini mwa watawala ni bilioni nne, bila ya sharti lake. Sera ya mtoto mmoja ikatangazwa mwaka 1980 na ikadumu hadi 2015. Akina mama walitozwa faini, wengine walilazimishwa kutoa mimba. Na kwa kuwa familia nyingi zilitaka mtoto wao huyo mmoja awe mwanamume, ilifika wakati wakazaliwa wavulana karibu 120 kwa kila wasichana 100. Mwaka 2021 utawala ule ule ukaruhusu mtoto wa tatu. Tangu 2022 wanaokufa nchini humo wamewazidi wanaozaliwa, na dola iliyomkataza mama mtoto wa pili imekuwa ikimbembeleza azae.

Hesabu ya mhandisi huenda haikuwa na kosa hata moja katika kuzidisha na kutoa. Kombora likishatupwa, kwa kweli litaangukia pale hesabu inaposema, kwa kuwa kombora halisikii. Mwanamke husikia. Huambiwa, akapima, akazungumza na mumewe na mama yake, akakumbuka mtoto aliyemzika, akaona skuli iliyofunguliwa kijijini, kisha akaamua. Kumkokotoa mwanamke kama kombora ni kosa la maadili kabla halijawa kosa la takwimu, na kwa sababu hiyo hiyo likaja kuwa kosa la takwimu.

Upande wa pili wa mizani uko usemi unaojulikana katika kila nyumba ya Pwani, kwamba kila mtoto huja na riziki yake. Wapangaji wa maendeleo huusikia wakatabasamu, wakidhani wamesikia ujinga. Hawautendei haki. Usemi huo hausemwi kwenye mikutano ya bajeti. Husemwa mbele ya mzazi aliyepakata kichanga, na kazi yake ni kumkaribisha mgeni asiye na hatia. Unakataza mtoto asiitwe mzigo. Katika neno hilo moja mna ulinzi ambao akina mama wa China waliukosa.

Pamoja na hayo, usemi huo hausemi riziki hiyo itapita mikononi mwa nani. Riziki ya mtoto ni maziwa, na maziwa yana mwenye kuyatoa. Ni maji ya bomba, na bomba lina mwenye kulilaza, na kisima kinachotia maji katika bomba kina kiwango cha mvua iliyokinywesha. Ni dawati, na dawati lina seremala, na seremala ana siku aliyopewa kazi na siku aliyolipwa. Anayesema kila mtoto huja na riziki yake, kisha akakataa kuhesabu madawati, ameipokea nusu ya msemo na kuiacha nusu. Ukiangaliwa hivyo, ugomvi baina ya mwenye methali na mwenye jedwali huondoka. Methali inasema mtoto ana haki. Jedwali linasema haki hiyo itahitajika mwaka gani, mtaa gani, na kwa idadi gani.

Hapa ndipo linapoingia jambo ambalo aghalabu husahauliwa katika mijadala ya makadirio, nalo huondoa udhuru mwingi. Sehemu kubwa ya kesho si makadirio. Mtoto aliyezaliwa Mwera au Fuoni mwezi wa sensa, Agosti 2022, atakuwa na miaka saba mwaka 2029. Hakuna utabiri katika maneno hayo zaidi ya dua ya uhai. Msichana aliyekuwa na miaka mitano mwaka huo atatimiza ishirini mwaka 2037. Hao si watu wa -ki-. Ni watu wa -me-. Wamekwisha kuja, wameandikwa, majina yao yanajulikana kwa jirani zao. Serikali inayosema mwaka 2029 kwamba wanafunzi wamezidi matarajio haitakuwa na udhuru kwa watoto hao, kwa sababu hawakutarajiwa: walikuwapo. Kwa miaka mingi skuli nyingi za Unguja zimesomesha kwa mikondo miwili, wa asubuhi na wa jioni, darasa moja likipokea zamu mbili kana kwamba ni kitanda cha wavuvi. Katika miaka ya karibuni zimejengwa skuli za ghorofa ili kuipunguza hali hiyo. Kujenga huko ni jambo jema, na wajenzi wanastahiki shukurani. Lakini kwa mtoto aliyekwisha kuzaliwa darasa ni deni lililokuwa na tarehe.

Waliokwisha kuzaliwa huifuma kesho kwa namna nyengine pia. Jahazi likishusha tanga halisimami papo hapo. Huenda bado, kwa nguvu ya mwendo lililokuwa nao. Ndivyo ilivyo nchi yenye watoto wengi. Hata kama kila mama mpya angezaa watoto wachache kuliko mama yake, idadi ya watu ingeendelea kupanda kwa miongo kadhaa, kwa kuwa akina mama wenyewe watakuwa wengi. Tanzania kwa jumla ilihesabiwa watu 61,741,120 mwaka 2022, na Umoja wa Mataifa mwaka huo uliitaja kuwa miongoni mwa nchi nane ambazo zaidi ya nusu ya ongezeko la watu duniani hadi 2050 litatokea humo. Kiasi kikubwa cha mwendo huo kimo tayari katika miili ya wasichana walio hai. Kwa hivyo anayedhani kwamba sera ya uzazi peke yake itamwokoa na ujenzi wa skuli na visima anajidanganya. Na anayedhani kwamba kwa kuwa mwendo hauzuiliki basi hapana haja ya kuzungumza na wasichana hao juu ya elimu, afya na hiari yao, naye anajidanganya vile vile. Wa kwanza ameisahau -me-, wa pili ameisahau -ki-.

Limebaki jambo moja, nalo ni zito zaidi kwa watu wa visiwa viwili. Yako makadirio yanayojivunja yenyewe, kama ya Morisi, na yako yanayojitimiza yenyewe. Kati ya 2012 na 2022 Mkoa wa Mjini Magharibi ulipanda toka watu 593,678 hadi 893,169, ongezeko la nusu nzima kwa miaka kumi. Pemba nayo ilipanda, toka 406,848 hadi 543,441, yaani kwa theluthi moja hivi. Wapemba hawakupungua, lakini fungu lao katika Zanzibar nzima lilishuka toka asilimia 31 hadi chini ya 29. Mpangaji akizitazama tarakimu hizo atasema, kwa haki yake, kwamba watu wanaelekea mjini Unguja, kwa hivyo barabara, hospitali, mabomba na ajira ziwekwe huko. Zikishawekwa, kijana wa Micheweni au Kengeja atapanda boti azifuate. Sensa ijayo itakuta mjini kumejaa zaidi, na mpangaji atapongezwa kwa kuona mbali. Hakuona mbali. Aliitengeneza njia kisha akahesabu nyayo.

Haina maana kwamba mji usijengewe. Mji wenye watu karibu laki tisa una haki zake, na mitaa iliyoota nje ya mipango, ikiwamo ile iliyoota baada ya mpango wa 1982 uliotayarishwa na wataalamu wa Kichina, ina wakaazi ambao maji ya mvua huwaingilia majumbani. Maana yake ni kwamba jedwali halina haki ya kusema peke yake. Linaweza kueleza watu wanaelekea wapi. Haliwezi kueleza kama kuelekea huko ni kheri, wala kama walioondoka Pemba waliondoka kwa kupenda au kwa kukosa. Hilo la pili ni swali la uadilifu, na uadilifu haupatikani kwa kukokotoa. Anayelitumia jedwali kulikwepa swali hilo, akasema "tarakimu zimeamua", amefanya lile lile lililofanywa na watawala waliolisahau sharti: ameyafanya mapenzi ya watu kuwa upepo, na uamuzi wake mwenyewe kuwa kudura.

Basi mwenye kukadiria anadaiwa uwazi wa masharti, na mwenye kutawala anadaiwa zaidi. Anadaiwa asiichukue tarakimu peke yake akaiacha -ki- yake ofisini. Anadaiwa awatenge waliokwisha kuzaliwa na wasiozaliwa, awalipe wa kwanza na awazungumzie wa pili kwa unyenyekevu. Anadaiwa ajiulize kila mara kama kile anachokiita mwelekeo wa watu si kivuli cha maamuzi yake ya jana. Na wote wawili wanadaiwa kuyasoma majedwali hayo hadharani, kwa lugha ya watu, mbele ya mama wa Micheweni na mvuvi wa Nungwi, kwa kuwa hao ndio wenye masharti mikononi. Takwimu za watu zikifichwa na watu wenyewe zimepotea njia.

Kiswahili kina kiambishi chengine pia, -ngali-, ambacho hutumika wakati ambapo hapana tena la kufanya. Tungalijenga, tungaliwauliza, tungaliwapa. Vizazi huachiana viambishi kama vinavyoachiana mashamba. Aliyezaliwa mwaka wa sensa ya 2022 atakuwa mtu mzima ifikapo 2050, naye ataweza kuzifungua hesabu hizi na kuona ni nani aliyejua nini, na mwaka gani. Hatauliza kama makadirio yalitimia. Atatazama kuta za skuli aliyosomea na kisima alichotekea maji, na humo atasoma kama waliotangulia, walipouona ufa, walikwenda kuchanganya chokaa.